Dharura Si Jambo, Dharura ni Mtu

Nchi ninayoisimulia haipo. Tuelewane mapema, maana wako watu wana tabia ya kusikiliza hadithi huku wakichungulia dirishani. Inaitwa Subirani, mji wake mkuu ni Heri, na atakayeiona kwenye ramani aende akapimwe macho. Mimi nasimulia tu. Ugomvi na mtu sina.

Basi Subirani ilikuwa na rais aliyeitwa Mtukufu. Alikuwa na jina jingine alilopewa na wazazi wake, lakini lilichakaa kwa kukaa bila kutumiwa. Mtukufu alipenda sana kutembea. Kwa miguu? Hasha! Kwa msafara. Na msafara wake ulikuwa mrefu kiasi kwamba gari la kwanza likifika linakokwenda, la mwisho bado lipo Ikulu linangoja zamu ya kutoka, ndani yake amekaa bwana mmoja aliyeajiriwa kwa kazi ya kufunga geti.

Siku moja msafara ulimpita mama muuza karanga. King'ora kilimlipukia sikioni, moyo ukamwenda mbio, akabaki amesimama katikati ya njia, mkono kifuani, kichwa chini, anatafuta pumzi. Mtukufu akamwona kupitia kioo. “Mtazameni yule,” akasema, machozi yakimlengalenga. “Huo ndio uzalendo.” Haikupita wiki ikawa sheria: kila asikiaye king'ora ashuke kwenye chombo chake, asimame barabarani, mkono wa kulia kifuani, kichwa chini, mpaka sauti ipotee kabisa. Muuza karanga akatunukiwa nishani. Bahati mbaya alikuwa ameshazikwa, moyo wenyewe haukupona ule mshtuko, kwa hiyo nishani akavishwa mumewe, na mumewe akaambiwa atabasamu.

Watu wa Subirani ni wasikivu, Mungu awape nini tena! Wakaishika sheria kama sala. Tatizo likaja kwa magari ya wagonjwa, maana nayo yalikuwa na ving'ora. Gari la wagonjwa likilia, watu wanashuka, wanajipanga barabarani mbele yake, wanashika vifua. Dereva anazidisha king'ora ili wampishe. Wao wanazidisha kuinama. Mgonjwa anakata roho kazungukwa na heshima ambayo hakuwahi kuipata maisha yake yote.

Jambo likafika Bungeni. Je, magari ya dharura yafungwe na sheria za barabarani kama magari mengine, au yaachiwe yapite? Mbunge mmoja, mtu wa tumbo na hekima, akasema, “Mheshimiwa Spika, taa nyekundu ni nyekundu. Kama mgonjwa haioni, hilo ni suala la daktari wa macho.” Makofi. Mwingine akashauri wananchi wapangiwe siku ya kuugua, Jumapili hivi, barabara zikiwa tupu. Makofi na vigelegele. Akasimama mama mmoja wa viti vya nyuma akasema, jamani, si tuwapishe tu wagonjwa? Akaambiwa afute kauli. Akafuta. Akaambiwa atoke nje. Akatoka, na hadi leo hajarudi, na mimi sijauliza.

*

Hapo ndipo alipoinuka Mheshimiwa Burhani Mselemu, Waziri wa Barabara na Heshima Zake. Hadithi hii ni yake, kwa hiyo tumtazame vizuri.

Alikuwa mtu wa kimo cha wastani na mgongo mwepesi. Mama yake, Bi Mwatumu, alimsomesha kwa kushona sare za watoto wa shule pale Mtaa wa Cherehani, akapinda juu ya mashine mpaka kijana akapata udaktari, ule wa vitabu. Burhani alimpenda mama yake. Nalisema hilo wazi, mtu asije akadai namwonea. Alimhamishia kwenye jumba lake la waziri, na kila asubuhi alimwamkia, akambusu mkono, akamwuliza amelalaje, na akangoja jibu.

Ila alikuwa na ugonjwa, na ugonjwa wenyewe ni woga. Kule Subirani waziri haitwi akaambiwa kwamba kazi imekwisha. Anasikia redioni, taarifa ya habari ya mchana, kati ya bei ya mahindi na matokeo ya mpira. Ndiyo maana mawaziri wote walikula chakula cha mchana redio ikiwa kando ya sahani. Burhani yeye alitia tonge mdomoni na hakulimeza mpaka habari ziishe.

“Meza, mwanangu,” Bi Mwatumu alikuwa akimwambia. “Wakikufukuza hujala, utakuwa umepata hasara mbili.”

Na siku hizo woga ulikuwa umechanganyika na tamaa, kwa sababu kiti cha Waziri Mkuu kilikuwa wazi. Aliyekuwa amekikalia alipiga chafya wakati wa wimbo wa taifa, akapumzishwa kwa manufaa ya umma.

“Mheshimiwa Spika,” akasema Burhani, akiirekebisha tai, “tumekuwa tukigombania swali lisilo lenyewe. Tunauliza, magari ya dharura yasamehewe sheria? Ndiyo, yasamehewe! Yapite taa nyekundu, yapite upande usio wao, yapite juu ya maua ya manispaa! Swali lenyewe ni hili: dharura ni nini?”

Hata waliokuwa wamelala walilala kwa makini zaidi.

“Dharura ni kitu kisicho cha kawaida. Sasa niambieni, waheshimiwa, ni siku gani watu hawaugui? Ni siku gani wanawake hawazai? Moto je? Nchi hii inaungua kila wiki. Jambo la kila siku haliwezi kuitwa dharura. Hayo ni mambo ya kawaida, na mambo ya kawaida yana foleni yake. Lakini Mtukufu ni mmoja! Hajapata kutokea mwingine na hatatokea. Basi kila anapotoka mlangoni kwake, pale ndipo pana dharura. Dharura si jambo, Mheshimiwa Spika. Dharura ni mtu!”

Loo! Meza zilipigwa mpaka moja ikavunjika mguu. Sheria ikapita siku ileile. Magari ya wakubwa yakawa ya dharura kwa ngazi: Mtukufu ngazi ya kwanza, mkewe ya pili, mawaziri ya tatu, na kushuka hivyo hadi kwa mpishi wa Ikulu anapowahi nyanya sokoni. Ngazi ya juu ikiwa barabarani, za chini zote ni kunyamaza na kusimama. Magari ya wagonjwa na ya zimamoto yakavuliwa ving'ora, yakafungiwa kengele za baiskeli, ili yaombe njia kwa adabu.

Jioni Bi Mwatumu alimkuta mwanawe sebuleni akijitazama kwenye televisheni.

“Burhani, nimekusikia. Yaani mimi nikizidiwa si dharura, ila wewe ukienda kukata kucha ni dharura?”

“Mama, hukuelewa. Ile ni lugha ya kisheria.”

“Nimeelewa, mwanangu. Ndiyo maana nauliza.”

Burhani akacheka, akaongeza sauti ya televisheni kidogo.

*

Sheria ilijaribiwa mapema. Soko la Mkaa liliwaka moto, na soko la mkaa likiwaka haliulizi mara mbili. Gari la zimamoto likatoka mbio, kengele ikilia kring kring, likafika Makutano ya Ukombozi likakuta taa nyekundu. Taa ile ilikuwa nyekundu tangu mvua za vuli. Imeharibika, na fundi alikuwa bado anangoja kibali cha kupanda ngazi. Mkuu wa kikosi akazima injini, akangoja.

Moto ukala soko. Ukavuka ukala ghala la magodoro. Ukala ofisi ya bima, ambayo haikuwa na bima. Ukashuka na barabara nyumba kwa nyumba mpaka, jioni jioni hivi, ukafika wenyewe pale kwenye taa. Mkuu wa kikosi akashuka, akafungua mpira wake wa maji, akauzima bila kuvunja sheria hata moja.

Mtukufu akalihutubia taifa. “Zamani,” akasema, “zimamoto ilikuwa inaufuata moto, kama mbwa. Leo moto unaifuata zimamoto! Nani bado anasema hatujaendelea? Na nampongeza kwa jina kijana wangu Burhani.”

Burhani alikuwa mezani. Kwa mara ya kwanza katika miezi mingi alimeza tonge kabla habari hazijaisha. Waliounguliwa na soko walipelekewa kengele, kila familia ya kwake, ya ukumbusho.

*

Kisha ikaja Alhamisi moja. Mtukufu alikuwa anakwenda kunyolewa ndevu, kwa hiyo mji ulifungwa tangu alfajiri.

Bi Mwatumu alikuwa anakunja kanga zake akakaa ghafla kitandani. “Burhani,” akaita, “kifua kinanibana.” Burhani akaja mbio, akamkuta midomo imebadilika rangi. Hapo alikuwa mtoto wa mama yake na si waziri, nampa haki yake: alimbeba mwenyewe, mtu mzima mwenye kitambi, miguu haina viatu, akapiga simu huku analia. Gari lake la uwaziri lilikuwa nje, lakini halikuwa na mtungi wa hewa, na king'ora chake siku hiyo kisingeruhusiwa kutoa hata mluzi. Likaja gari la wagonjwa na kengele yake. Dereva ni Kombo Feruzi, mtu mkavu wa maneno machache, na nyuma yuko muuguzi, Sista Perpetua, mwenye mikono mipana na sauti ya kuamuru.

“Ni moyo,” Sista akasema, akimvisha kikombe cha hewa puani. “Tukiwahi, huyu anapona. Tunawahi au hatuwahi?”

“Tunawahi,” akasema Burhani, akapanda naye nyuma, akamshika mama mkono.

Wakawahi hadi Njiapanda ya Amani. Pale askari walikuwa wamevuta mnyororo. Barabara ya mbele nyeupe, haina hata kuku, na ng'ambo yake paa la Hospitali ya Taifa linaonekana kabisa, karibu mtu alitupie jiwe. Msafara ulikuwa haujafika wala hausikiki. Magari mengine yalikuwa yamezima injini, watu wanakula karanga.

Kombo akageuza shingo. “Mheshimiwa, njia tupu. Yule askari pale ananijua, mnyororo atauangusha. Wewe sema neno moja tu, vuka, mimi navuka.”

“Ngoja,” akasema Burhani.

“Tunangoja nini, Mheshimiwa?”

“Ngoja nifikirie.”

Na alifikiria kweli, maskini. Juu ya kila nguzo pale njiapanda palikuwa na kamera ya Televisheni ya Taifa, na ilijulikana kwamba jioni Mtukufu, miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, hutazama nani alisimama na alisimama vipi. Burhani alijiona kwenye picha ile: mwenye sheria anaivunja sheria, kwa gari la kengele, kwa mambo ya kawaida. Akakiona kiti cha Waziri Mkuu kikitembea kwenda kwa mtu mwingine. Akaisikia redio.

Bi Mwatumu alisogeza kile kikombe cha hewa kwa kidole. “Burhani.”

“Naam, mama.”

“Tumesimama?”

“Kidogo tu, mama. Njia imefungwa.”

“Kaifunga nani?”

Burhani akamvuta kanga mabegani.

“Si wewe waziri wa njia?” akauliza mama, bila hasira, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi. Kisha akanyamaza, na kifua chake kikanyamaza pamoja naye.

Sista Perpetua alimrukia. Akamfunga mpira wa kusukuma hewa mdomoni akaanza kuubonyeza kwa mkono, taratibu, bila kupumzika, na kifua kikaanza kupanda na kushuka. “Bado yupo,” akasema. “Pumzi yake sasa ni mkono wangu huu. Kombo, twende!”

Kombo akamtazama Burhani. Burhani akatazama nguzo.

Na ndipo king'ora kikasikika.

Njiapanda nzima ikashuka. Milango ikafunguka, karanga zikatupwa, watu wakajipanga barabarani mkono kifuani. Kombo akashuka. Burhani akafungua mlango wa nyuma, akashuka, na akageuka.

“Shuka, Sista.”

“Sishuki. Nikiachia, anakufa.”

“Wanapita mara moja tu. Utamshika tena.”

“Baba, wewe una akili? Huyu ni mama yako!”

“Kamera zinatuona, mlango uko wazi. Shuka, nimesema ni amri!” Na kwa kuwa Sista hakutikisika, Burhani alipanda, akamshika mkono, ule uliokuwa ukibonyeza mpira, akamshusha. Bi Mwatumu alikuwa na macho wazi. Yalimfuata mwanawe mpaka mlangoni.

Msafara ukaanza kupita. Zikapita pikipiki. Likapita gari la kiti cha kunyolea, gari la kioo, gari la taulo. Likapita gari kubwa la wagonjwa, jipya, linang'aa, limejaa madaktari na mitungi ya hewa, endapo Mtukufu atapaliwa na povu la sabuni. Burhani aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa tai, na aliinama vizuri sana, kwa bahati mbaya, maana gari la Mtukufu lilisimama mbele yake. Kioo kikashuka.

“Burhani! Ni wewe?”

“Ni mimi, Mtukufu.”

“Nimewaambia hawa, mgongo ule naujua! Umesimama vizuri sana. Na hilo gari la wagonjwa hapo nyuma yako, lina nini?”

Nafasi ndiyo hiyo, wasikilizaji wangu, imemjia yenyewe, imemsimamia mbele, imeshusha na kioo. Sista Perpetua, mkono kifuani, machozi yakimdondoka, alinong'ona nyuma yake, “Mwambie. Mwambie sasa hivi.” Burhani alifungua mdomo. Nimeambiwa na waliokuwepo kwamba midomo ilianza kabisa kutamka ile m ya mama.

“Mambo ya kawaida tu, Mtukufu,” akasema.

“Ahaa.” Mtukufu akapapasa kidevu. “Kwa kuwa upo, nishauri. Hizi ndevu nizitoe zote, au niache kidogo hapa chini?”

Burhani akamshauri. Alisema kuacha kidogo kuna faida zake, kunaongeza busara usoni. Lakini kutoa zote nako kunaonyesha uwazi na utawala bora. Mtukufu akasema mkewe anapenda za chini. Burhani akasema mama wa taifa hakosei. Mtukufu akasimulia jinsi kinyozi alivyowahi kumkata sikio la kushoto, na kinyozi yule yuko wapi sasa, akacheka, Burhani akacheka, na watu wote njiapanda wakacheka vichwa vikiwa chini. Hatimaye kioo kikapanda. Msafara ukaendelea kupita, na kupita, mpaka yule bwana wa kufunga geti.

Sauti ilipopotea kabisa, Sista Perpetua ndiye wa kwanza kurudi garini. Hakushika mpira. Alivuta shuka.

“Vuka,” Burhani akamwambia Kombo.

Kombo akavuka. Ilikuwa safari fupi mno, hata kengele hakuhitaji kuipiga.

*

Redio iliyotoa habari ilikuwa ya mlinzi wa chumba cha maiti. Burhani alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, miguu bado haina viatu, analia kwa sauti, analia kweli. Bei ya mahindi ikapita. Kisha: Mtukufu, kwa mamlaka aliyojipa, amemteua Mheshimiwa Burhani Mselemu kuwa Waziri Mkuu. Mlinzi akasimama wima, hajui ampe pole au hongera. Akampa zote mbili.

Saa hiyohiyo simu ikaita.

“Burhani! Nasikia mama yako amefariki. Pole sana. Alikuwa anaumwa?”

“Moyo, Mtukufu. Leo asubuhi. Tulikuwa tunampeleka hospitali.”

“Leo asubuhi? Yule pale kwenye gari alikuwa mama yako?” Sauti ya Mtukufu ikawa ya huzuni isiyo na unafiki. “Sasa mbona hukusema, mwanangu? Mimi si mnyama. Mimi nami nilikuwa na mama. Ungesema tu, ningempisha. Hata madaktari wangu walikuwa palepale, hawana kazi.”

Burhani alisema ndiyo, Mtukufu.

“Basi lililopita limepita. Mama wa Waziri Mkuu si mtu wa kawaida. Azikwe kesho asubuhi, kwa ngazi ya kwanza. Nitakuja mwenyewe makaburini, ila nina shughuli mchana, msinicheleweshe.”

*

Mtaa wa Cherehani hawakungoja waambiwe. Habari zilipofika, mashine zote zilisimama. Wanawake waliomjua Bi Mwatumu walishona sanda yake wenyewe, wakagombania sindano. Wanaume wakatoka barabarani wamevaa kanzu, wakajipanga pande zote mbili tangu msikitini hadi kwenye njia nyembamba ya makaburi, ili jeneza lishushwe msikitini, lisaliwe, lipokewe begani, mtu kwa mtu, polepole, kama anavyosindikizwa mtu na watu wake. Watoto waliovaa sare alizozishona walikuwepo nao, kola zimenyooka.

Jeneza lilitoka hospitali ndani ya gari jeusi lililofungwa king'ora cha ngazi ya kwanza. Dereva alikuwa Kombo, maana mjini hapakuwa na mwingine aliyeijua njia ile ya makaburi. Burhani alikaa nyuma na mama yake. Mbele pikipiki, nyuma pikipiki, na gari la Televisheni ya Taifa pembeni.

Hawakusimama popote! Taa nyekundu ya Makutano ya Ukombozi waliipita bila kuitazama. Njiapanda ya Amani mnyororo ulianguka kabla hawajafika. Walipita upande usio wao, walipita juu ya maua ya manispaa. Kwenye foleni ya kwenda Hospitali ya Taifa palikuwa na magari ya wagonjwa manne yamezima injini, na ndugu wa wagonjwa wamesimama nje mkono kifuani, na muuguzi mmoja mwenye mikono mipana amesimama nao, haangalii chini. Burhani akageuza uso.

Wakaingia Mtaa wa Cherehani. Burhani aliwaona kwa mbali zile kanzu nyeupe, akaziona nyuso za majirani waliomlea, wazee wamekunjua mabega tayari. Akagonga kioo cha dereva.

“Kombo, simama hapa. Watampokea.”

Kombo akakaza usukani.

“Kombo! Punguza basi. Punguza mwendo tu, wamwone.”

“Haiwezekani, Mheshimiwa.”

“Nani amesema haiwezekani? Mimi ni Waziri Mkuu!”

“Ndiyo, Mheshimiwa. Na Mtukufu yuko makaburini anatazama saa.” Kombo hakugeuka. “Mama sasa ni dharura. Dharura haisimami.”

King'ora kililia ndani ya ule mtaa mwembamba hata madirisha yakatetemeka, na watu wa Mtaa wa Cherehani, wasikivu kama wenzao wote, wakashusha mikono waliyokuwa wameinyoosha kupokea jeneza, wakaipeleka vifuani, wakainamisha vichwa. Hakuna aliyeliona jeneza likipita. Gari lilikata kona ya msikiti bila kushika breki, jeneza likateleza likagonga mlango, kifuniko kikacheza. Burhani akajitupa juu yake, akalikumbatia kwa mikono miwili ili mama asimwagike, akaanza kumwita, mama, mama, nisamehe mama, kwa sauti yote aliyokuwa nayo, na king'ora kilikuwa juu yao hata Kombo hakumsikia.